Mwongozo kamili: kuingia na kufanya kazi katika kitengo cha utafiti chuoni Lubumbashi

Kila mwaka masomo yanapokaribia kwisha, pale Kasapa, kampasi ya chuo, huanza mbio za kutafuta mahali pa kufanyia memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo. Wengi hupita njia moja: wanaulizana labo gani ina mashine, wanaandika barua, wanaiacha kwa sekretari, wanangoja. Barua inalala mezani wiki tatu. Nimekaa upande wa kungoja, na sasa huu ni mwaka wa tisa niko upande wa kupokea barua, katika kitengo kinachoshughulikia udongo na mboga za mji. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaeleza wadogo zangu wanaobisha hodi, mmoja mmoja. Nimeyakusanya ili yeyote ayapate kabla ya kuja.

Mifano mingi ni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na ya madini, maana mji huu umekaa juu ya madini. Anayesomea samaki, lugha au magonjwa ya ng'ombe atabadilisha vifaa tu. Mwendo ni uleule. Na kuna jambo nitakalolirudia hadi mwisho: namba inayotoka kwenye mashine hupona au huharibika mapema, shambani, mikononi mwako wewe uliyeshika koleo.

Hatua ya 1: Fahamu unabisha hodi kwa nani

Maabara ni chumba na vifaa. Kitengo cha utafiti ni watu wanaofuata swali moja kwa miaka. Kinaweza kuwa na maabara yake, kinaweza kuazima ya jirani, au kisiwe nayo kabisa. Observatwari hufuatilia jambo lilelile tena na tena ili kuona linavyobadilika. Tofauti hizi si za majina tu. Ukienda kwenye observatwari na mradi wa miezi mitatu usiohusiana na takwimu zao za zamani, watakusikiliza kwa adabu na hutawaona tena.

Chukua kitengo cha toksikolojia na mazingira katika shule ya afya ya umma ya UNILU, ambacho Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu amekifanya kijulikane mbali. Swali lao: madini yanayotoka migodini na kwenye viwanda yanaingia kiasi gani mwilini mwa watu? Mwaka 2009, wakishirikiana na watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351, wengine wakiwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, wengine mbali kabisa vijijini. Kobalti katika mkojo wa waliokaa karibu ilikuwa juu kupindukia. Mwaka 2018 ikafuata kazi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: wakazi 72, kati yao watoto 32, wakilinganishwa na watu 25 wa mtaa wa jirani. Ukitazama kazi hizo mbili kwa pamoja unaona swali moja likisogezwa mbele hatua kwa hatua, na hicho ndicho kitengo.

Katika fakulte ya kilimo kuna labo ya elimu ya udongo, ambako Profesa Basile Mujinya amevishughulikia vichuguu vyetu vikubwa, vile vya mchwa *Macrotermes falciger*. Kila mtu wa Lubumbashi anavijua: mafundi wa matofali huvichimba, watoto huvipanda, nyumba hujengwa kuvizunguka. Vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba kimoja kati yao kilianza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mimi kila nikimwona fundi akikikata kichuguu kwa sururu, naikumbuka namba hiyo.

Fakulte hiyohiyo ina watu wa ikolojia na kurudisha uoto. Wao wamehangaika na udongo wa Penda-Penda, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kiwanda kilichowashwa mwaka 1911. Udongo pale ulibaki mtupu, na swali lao ni majani na miti gani inaweza kuushika usipeperuke tena kuingia kwenye vifua vya watu. Kusini mwa Katanga tuna bahati ya ajabu katika hilo, kwa kuwa mamia ya aina za mimea yamezoea kuishi juu ya vilima vya shaba, na baadhi haioti penginepo duniani.

Upande wa watu na maisha yao kuna Observatoire du Changement Urbain, ambayo huingia katika kaya na kuuliza familia inakula nini, inapata wapi pesa, nani analipa shule. Hapo chombo cha kazi ni karatasi ya maswali na sikio lenye subira, na hesabu za sampuli ni ngumu sawa na za udongo.

Jambo dogo kuhusu historia, kwa sababu litakusaidia ukipekua makabati ya sampuli za zamani. Chuo kilifunguliwa mwaka 1956, mji ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 kiliingizwa katika chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na mwaka 1981 kikapata jina la UNILU. Ukikuta lebo ya mmea au sanduku la mawe limeandikwa UNAZA, umeshajua ni la miaka ipi. Usilitupe. Vitu hivyo vya zamani ni vipimo ambavyo hakuna fedha inayoweza kuvirudisha.

Hatua ya 2: Chagua swali, kisha uulize mashine

Mwanafunzi anayeanza na mashine huishia kutafuta kitu chochote cha kuitia. Anza na swali linaloweza kusemwa kwa sentensi moja mbele ya mama yako naye akaelewa. "Je, lengalenga (mchicha) inayouzwa sokoni ina kobalti kwa sababu imeifyonza kutoka kwenye udongo, au kwa sababu vumbi limeikalia?" Hilo ni swali. "Uchafuzi wa mazingira katika Haut-Katanga" ni kichwa cha mkutano.

Ukishakuwa nalo, soma kazi tatu za mwisho za kitengo unachokitaka. Soma hasa sehemu ya mbinu, ile ambayo watu huiruka, maana ndiyo inayokuambia walifanya nini hapa na walipeleka nini nje. Kisha nenda ukaongee na fundi wa labo kabla ya profesa. Simwambii mtu apite nyuma ya mkubwa. Namwambia amsalimie yule anayefungua mlango kila asubuhi, amwite kwa heshima yake, papa au mama, amwulize mambo matatu: mashine gani imefanya kazi mwezi huu, umeme ukikatika mnafanyaje, na asidi iliyopo inatosha nani. Majibu yake yataubadilisha mradi wako kuliko kozi nzima ya mbinu za utafiti.

Kama mashine kubwa haifanyi kazi, usikate tamaa. Kwa mizani nzuri, kipimo cha pH (yaani cha uchachu), tanuri la kukaushia na chekeche la milimita 2 umeshaweza kufanya memwari ya heshima kuhusu udongo. Nimeona kazi za pH peke yake zilizopimwa kwa uangalifu zikitumiwa na wengine miaka mingi baadaye, na kazi za mashine ya bei kubwa ambazo hakuna aliyezigusa tena.

Hatua ya 3: Barua na mazungumzo ya kwanza

Barua rasmi tunaiandika kwa Kifaransa, na isizidi ukurasa mmoja. Yaliyomo yawe hivi, kwa maneno yako: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo. Nimesoma kazi yenu kuhusu mboga za bustani za mjini. Nataka kujua ni sehemu gani ya kobalti ya lengalenga huondoka kwa kuosha. Ninakusudia kuchukua sampuli katika bustani nane kati ya Juni na Agosti. Nahitaji tanuri, mizani, na ushauri kuhusu mahali pa kupimia. Mifuko, usafiri na kuyakausha majani nitavigharamia mwenyewe."

Tazama ilivyojengwa. Imesema umesoma nini, unataka kujua nini, lini, kiasi gani, na nani analipa nini. Barua nyingi tunazopokea zinasema mwandishi ana kiu ya elimu na anamtukuza profesa kwa mistari kumi. Haziudhi, ila hazitupi la kujibu.

Ikipita wiki mbili bila jibu, nenda mwenyewe asubuhi na mapema, na nakala mkononi. Mara nyingi atakayekupokea ni asistanti au CT (chef de travaux, aliye juu ya asistanti kwa cheo), na yeye ndiye atakayeishi na wewe miezi yote ijayo. Mheshimu ipasavyo. Mwulize waziwazi nani atakuwa msimamizi wako wa kila siku, maana jina la profesa kwenye jalada halitakuonyesha jinsi ya kuosha mrija.

Hatua ya 4: Ruhusa

Hapa sitakaa sana, lakini usiruke. Kama unachukua mkojo, damu, nywele, au hata maneno ya mtu kuhusu ugonjwa wake, lazima kamati ya maadili ya utafiti ikubali kwanza, kwa maandishi. Kamati hukaa kwa tarehe zake, kwa hiyo peleka faili mapema. Kama unachukua udongo, omba ruhusa ya mwenye bustani na ujitambulishe kwa shefu wa mtaa ukiwa na karatasi ya chuo yenye muhuri. Karibu na mgodi usichote hata kijiko kabla ya kuwa na karatasi hiyo. Mtu mwenye mfuko wa udongo katika eneo la madini huonekana mwizi kabla hajafungua mdomo. Na ruhusa ya mdomo ya mlinzi si ruhusa.

Hatua ya 5: Shambani

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa nitakaa.

Andaa vifaa usiku. Koleo dogo la chuma kisichopata kutu au la plastiki, beseni la plastiki, mifuko ya plastiki mipya, penseli, daftari lenye jalada gumu, simu yenye GPS, maji ya kuoshea koleo, glavu. Usibebe kitu cha shaba, wala ndoo ya bati. Mwanafunzi mmoja tuliyekuwa naye alichanganya udongo wake kwenye ndoo ya bati aliyoazima kwa jirani, ya kawaida kabisa, ile iliyopakwa zinki. Majibu yalipokuja, zinki ilikuwa juu katika bustani zote, hata katika ile ya mbali tuliyoichagua iwe ya kulinganishia. Bustani hiyo ya mbali ndiyo iliyotufichulia kosa. Bila yenyewe tungeandika kwa ujasiri kwamba mji mzima una zinki.

Kwa hiyo jambo la kwanza: daima uwe na mahali pa kulinganishia, palipo mbali na chanzo unachokishuku lakini penye udongo wa aina ileile.

Katika kila tuta chukua udongo sehemu tano, nne kuelekea pembeni na moja katikati, kutoka juu hadi sentimita 20 kwenda chini, maana hapo ndipo mizizi ya mboga inapokula. Ondoa majani yaliyolala juu kwanza. Changanya zile tano katika beseni, vunja mabonge kwa mkono wenye glavu, toa mawe na mizizi. Kisha utandaze udongo uwe duara, ugawe robo nne kama unavyougawa bukari (ugali), utupe robo mbili zinazotazamana, uchanganye tena. Rudia hadi ibaki kama nusu kilo. Kuchota tu kiganja cha juu cha rundo kunakupa chembe nyepesi na kuacha nzito chini, na madini hayajagawanyika sawasawa katika chembe hizo.

Mboga ni habari nyingine. Kata kwa mkasi wa chuma kisichopata kutu, juu kidogo ya udongo, kutoka mashina mengi ya tuta lilelile ulikochota udongo. Majani ya lengalenga ni maji kwa sehemu kubwa sana, karibu asilimia 90, kwa hiyo gramu 300 mbichi zitakupa kama gramu 30 kavu. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kuondoka shambani, si baada ya tanuri. Kama swali lako ni la vumbi, gawa kila sampuli mara mbili hapohapo: nusu itaoshwa, nusu haitaoshwa.

Sasa lebo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda bustanini mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Nilikuwa na mifuko 40. Kila mmoja niliutia kipande cha karatasi chenye namba, nimeandika kwa kalamu ya wino. Udongo ulikuwa umelowa. Kesho yake kwenye meza ya labo, karatasi 14 zilikuwa zimekuwa uji wa bluu. Nilisimama mbele ya mifuko ile 14, yote ya rangi moja nyekundu, nikijaribu kukumbuka. Asistanti wangu alikuja, akaangalia, akauliza swali moja tu: "Unajua, au unafikiri unajua?" Nilimwaga yote 14 na kurudi kwa miguu kuichota upya.

Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, maana penseli haiogopi maji, kwenye kipande cha plastiki kigumu kinachoingia ndani, halafu namba ileile kwa wino usiofutika nje ya mfuko, halafu namba ileile daftarini pamoja na tarehe, saa, mahali pa GPS, kilichopandwa, mbolea iliyotumika, maji yanatoka wapi, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Hilo la mvua si pambo. Mji huu hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Jani la Agosti limekaliwa na vumbi la miezi, jani la Januari limeoshwa jana usiku. Ukilinganisha bustani ya Agosti na bustani ya Januari umelinganisha majira, wala si bustani.

Na ongea na mwenye tuta. Mama mmoja kando ya mto, nilipokuwa nimepiga magoti na beseni, alisimama na jembe lake akaniangalia muda mrefu. Akasema: "Munakuyaka, munabebaka udongo, kisha munapotea." Nilijibu, "Mama, nitarudi na majibu." Akasema, "Andika kwanza jina yangu kwa ile kitabu yako." Niliandika. Nitamrudia huko mbele.

Hatua ya 6: Ndani ya labo

Udongo utandazwe kwenye karatasi safi kivulini, ndani ya chumba kisicho na upepo wala vumbi la barabara, siku kadhaa mpaka ukauke. Usiuanike juani uani. Hapo ulipo, vumbi linaloingia lina madini yale unayoyatafuta. Ukikauka, ponda kwa kinu cha udongo mgumu au cha mbao, pitisha kwenye chekeche la milimita 2. Majani yasiyooshwa yaende tanurini moja kwa moja. Ya kuoshwa yapitishwe kwenye maji ya bomba kisha mara mbili kwenye maji yaliyokenekwa. Tanuri liwe nyuzi 60 hadi 65, saa 48, hadi uzito usibadilike tena. Umeme ukikatika katikati, usilifungue tanuri. Andika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi, uongeze muda huo.

pH ni gramu 10 za udongo katika mililita 25 za maji, koroga, acha itulie, soma. Usawazishe chombo asubuhi kila siku kwa vimiminiko vyake vya kipimo, na uandike kwamba umesawazisha. Udongo mwingi wa hapa asili yake ni wa uchachu, na uchachu ndio unaoamua kiasi gani cha shaba au zinki kinaachiwa mizizi. Kwa hiyo usiwahi kupima madini ukaacha pH.

Kwa madini yenyewe, sampuli huyeyushwa kwa asidi kali kama ya nitriki chini ya kofia ya kufyonza moshi, ukiwa na miwani na glavu. Kofia ikiwa haivuti, siku hiyo hakuna kazi. Nasema hivi bila msamaha. Mapafu yako ni ya thamani kuliko tarehe ya kutetea memwari.

Katika kila kundi la sampuli 20 weka vitu vitatu. Kimoja ni mrija mtupu, wenye asidi peke yake, uliopita njia yote kama sampuli. Ukionyesha shaba, basi uchafu uko kwenye asidi au kwenye vyombo. Cha pili ni sampuli moja iliyopimwa mara mbili chini ya namba mbili tofauti, ili uone mkono wako unatetemeka kiasi gani. Cha tatu ni udongo wa rejea, unaonunuliwa ukiwa na namba zilizothibitishwa. Huo ni ghali, na vitengo vingi vina chupa moja inayolindwa kama dawa ya mtoto. Omba gramu unayostahili. Jopo likikuuliza "tutaaminije namba hizi?", vitu hivyo vitatu ndiyo jibu lako lote.

Daftari la labo ni mali ya kitengo. Kurasa zake zina namba, hazichanwi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili bado lisomeke. Kila jioni piga picha ya ukurasa na uitume kwa msimamizi.

Hatua ya 7: Sampuli zinazosafiri

Vipimo vya hali ya juu mara nyingi hufanyika Ulaya au Afrika Kusini, kwa mashine zinazosoma chembe moja kati ya bilioni. Ushirika huo umetuletea mengi. Mifano niliyoitoa ya 2009 na 2018 isingekuwepo bila huo. Lakini kabla ya sanduku kufungwa, yafuatayo yawe yameandikwa na kutiwa sahihi: nani anapima nini, majibu ghafi yatarudi lini na kwa nani, majina yatapangwaje kwenye makala, na kitakachobaki cha sampuli kitafanyiwa nini.

Na gawa. Nusu ya kila sampuli ibaki Lubumbashi, kavu, kwenye chupa yenye lebo ya penseli, katika kabati lenye orodha mlangoni. Hili nalisema kwa moyo wote. Kitengo kisicho na sampuli zake ni ghala la kupitishia udongo wa nchi yake. Miaka kumi ijayo, mashine ikija hapa, mtu atataka kupima tena ulichochota leo, na bustani ile itakuwa imeshajengwa nyumba.

Hatua ya 8: Kuisoma namba

Tazama kizio kwanza. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mikrogramu 10 kwa lita kwa aseniki na kwa risasi, na miligramu 2 kwa lita kwa shaba. Anayechanganya mikrogramu na miligramu amekosea mara 1,000, na nimeona jedwali la namna hiyo likifika mbele ya jopo.

Kwa mkojo, namba hugawanywa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa kiasi kisichobadilika sana kwa siku. Sababu ni nyepesi: aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwembamba, na kobalti yake ingeonekana ndogo bure. Na aliyekojoa kwenye chupa akiwa na vumbi la mgodi mikononi ametia kobalti ambayo haikupita mwilini mwake hata kidogo. Kwa hiyo sabuni na maji kwanza, chupa baadaye.

Kisha sema kile tu data inachosema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro hapa Lubumbashi ni darasa zuri. Walilinganisha watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana na 108 wasio nazo, kati ya 2013 na 2015. Baba kuwa na kazi inayohusiana na mgodi kulifungamana na hatari kubwa zaidi, mara 5.5, ila kwa upana wa makisio kutoka 1.2 hadi 25. Upana huo unatuambia uhusiano upo lakini ukubwa wake haujulikani vizuri. Tena, vipimo vya madini mengi katika sampuli za mama na mtoto havikuonyesha uhusiano, isipokuwa manganizi na zinki katika damu ya kitovu. Waandishi wameyaweka yote mezani, yanayounga mkono wazo na yasiyoliunga. Ukiwa na jedwali lenye mstari usiokupendeza, uache mstari huo palepale ulipo.

Hatua ya 9: Kurudi

Panga siku ya kurudisha majibu tangu kwenye mradi wako wa kwanza, pamoja na nauli yake. Usipeleke jedwali. Peleka karatasi moja kwa kila mwenye bustani, yenye jina lake, tuta lake, na mambo mawili au matatu anayoweza kufanya, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Pitisha karatasi hiyo kwa msimamizi kwanza, na usitangaze bustani ya mtu hadharani: mboga yake ndiyo karo ya watoto, na neno moja la kizembe sokoni linaweza kumwangamiza.

Nilimrudia yule mama wa jembe mwezi wa kumi, mvua za kwanza hazijaanza. Nilimweleza kwamba nusu tuliyoiosha vizuri ilikuwa na madini machache kuliko ile ambayo haikuoshwa, maana sehemu ya madini ilikuwa vumbi juu ya jani. Kwamba maji ya kuoshea yawe ya kisima, si ya mto uleule. Kwamba tuta lake la chini, karibu na maji, lilikuwa na shaba nyingi kuliko la juu. Na kwamba chokaa na mbolea ya samadi vinapunguza uchachu na kuyashika madini yasipande sana. Alisikiliza akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Na muhogo?"

Hatukuwa tumepima muhogo. Nilimwambia hivyo. Akanionyesha ulipo, nyuma ya tuta la juu, nikatoa penseli.